Karanga za Pauni Milioni 36: Kongwa Walipiga Hesabu, Udongo Wakausahau

Ukiingia mtandaoni saa hii huwezi kumaliza dakika 10 kabla hujakutana na msee amesimama katikati ya shamba la vitunguu, anakupigia hesabu. Ekari moja, magunia kadhaa, bei ya soko, na pale chini jumla ya pesa ambazo mzazi wako hajawahi kuzishika kwa mkono. Hesabu huwa safi kabisa. Mbegu zimo, dawa imo, maji yamo, vibarua wamo. Udongo ndio haumo. Udongo unachukuliwa kama sakafu, kitu cha kusimamia tu ukipiga picha.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kukodisha shamba, wacha nikupeleke Kongwa.

Kongwa iko Dodoma, katikati ya Tanzania, nchi ya Wagogo. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, iko sokota. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgao. Bosi mmoja wa kampuni ya United Africa Company, Frank Samuel, akaja na wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa matinga, tukamue mafuta, tumalize shida. Tanganyika ilikuwa chini yao, kwa hivyo hakuna mwenye shamba waliyeona haja ya kumuuliza.

Serikali ikatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki 9 hivi, sehemu nyingine wakiziangalia kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama: karibu pauni milioni 25. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaukumbatia. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Kwa nini Kongwa? Kwa sababu ilionekana tupu. Vichaka, mibuyu, watu wachache. Lakini ukiona ardhi kubwa haina watu, swali la kwanza linafaa kuwa: wenyeji wanajua nini ambacho mimi sijui? Wagogo walikuwa wafugaji, na walipanda mtama na uwele, mimea inayovumilia kiu. Walikuwa wamepitia njaa kali ya 1917 hadi 1920 ambayo waliipa jina, Mtunya. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wanaishi kulingana na ile ardhi inakubali.

Matinga yalikuja mengi, mengi yakiwa mitumba ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matinga. Vichaka vilikuwa vigumu na mizizi yake ikavunja majembe. Mashine zikaharibika kuliko fundi angeweza kutengeneza. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000. Walipanda kama 7,500.

Watu wengi wakisimulia hii stori huishia hapo, kwa matinga na vichekesho. Mimi naona adui mkubwa alikuwa chini ya matairi.

Udongo wa Kongwa ni mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi. Mvua ikinyesha unakuwa laini, unalimika vizuri tu. Zile chembe ndogo zinajipanga, zinaziba nafasi za hewa. Jua likitoka, unakauka na kuwa kama tofali. Udongo wa aina hii ukiuondolea majani na mizizi, halafu ukapitisha mashine nzito juu yake, unazidi kushikana. Na kwa sababu una mchanga mkali ndani, ulikuwa unasaga vyuma vya majembe kama msasa.

Sasa kumbuka karanga huzaa wapi. Ua linachanua juu, kisha linatoa kijiti ambacho kinashuka na kuingia ardhini, na huko ndiko karanga inaundwa. Kama ardhi imekuwa ngumu, kijiti hakiingii. Na zile zilizofaulu kuingia lazima uzichimbue wakati wa kuvuna, yaani mvua ikishaisha na ardhi ishageuka tofali. Kwa maneno mengine, walichagua zao linalotaka udongo tifutifu wakalipeleka mahali udongo unafunga mlango kila kiangazi. Hakuna tinga linaloweza kurekebisha hiyo.

Halafu mvua. Dodoma ina msimu mmoja, na huo mmoja hauna uhakika. Karanga ziliposumbua wakajaribu alizeti, ukame ukaimaliza. Januari 1951 serikali ikatangaza mwisho. Zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Mafuta ya kupikia, zii.

Unajua Kongwa sasa kuna nini? Ranchi ya ng'ombe. Baada ya mamilioni yote, ardhi ilirudi kwa kazi ambayo Wagogo walikuwa wanaifanya kabla mtu yeyote hajaleta ramani.

Najua kuna mtu atasema, sawa, basi udongo mbaya ni mbaya, wenye mashamba huko wahame. Hapana. Kuna stori nyingine ya kukujibu, na iko hapa hapa nyumbani.

Miaka ya 1930 wakoloni waliiandika Machakos kama mahali palipokwisha. Makorongo kila mahali, udongo wote unaenda na maji. Wakalaumu Wakamba na ng'ombe wao. Mwaka 1938 wakaanza kuwapokonya mifugo kwa nguvu, wakisema ni kulinda ardhi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kukataa. Na watu walipolazimishwa kuchimba matuta, waliyachukia kama wanavyochukia kazi yoyote ya kulazimishwa.

Lakini baadaye watu hao hao, kwa vikundi vyao vya mwethya, walichimba matuta wenyewe kwa hiari. Wengi walitumia mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro kufuata mlalo wa kilima, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa ukingo, maji yanapungua kasi na kuzama. Mwaka 1932 Machakos ilikuwa na watu kama 240,000. Kufikia 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Watu waliongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ukapungua. Ardhi ilikuwa ile ile. Tofauti ni nani anaamua, na kama anaielewa ardhi anayoigusa.

Kwangu hilo ndilo somo la historia yote hii. Udongo wenye shida unaweza kusaidiwa, bora kwanza ujue shida yake ni gani. Na shida hazifanani.

Angalia hapa kwetu. Ule udongo mweusi wa Kitengela unapasuka kiangazi hadi mguu unaingia, na mvua ikinyesha unanata kwa viatu kama ulimbo. Mboga nyingi zitakufa hapo kwa sababu maji hayatoki. Lakini udongo mweusi kama huo Mwea unalisha nchi mchele, kwa sababu mpunga unataka maji yakae. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa la kaskazini, mashamba mengi yana asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyo kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi inashikwa isifikie mmea. Mkulima anaona mahindi yamedumaa, anaongeza mbolea ya DAP. DAP ikitumiwa miaka nenda miaka rudi inaongeza asidi. Kwa hivyo analipa pesa kuzidisha ugonjwa, wakati alichohitaji ni chokaa ya kilimo.

Hasara ya namna hiyo haijawahi kuingia kwenye video ya mtu. Ukiona vitunguu vimekataa, unaambiwa hukuwa na bidii. Na sisi ndio tunaambiwa kila siku, hakuna kazi, rudini shambani. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kilimo wala ya kitu kingine, na hata mimi naona kumtuma kijana na akiba yake yote kwenye ardhi ambayo haijapimwa ni kumcheza. Serikali yenye mawaziri na ndege ilipoteza mamilioni na ikaendelea na maisha. Wewe ukipoteza elfu 80 ya chama cha mathe, hiyo ni nyumba imeyumba.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi: chimba shimo la futi mbili, uangalie rangi na ugumu wake. Nenda msimu wa mvua na pia kiangazi, kwa sababu Kongwa ilidanganya watu wakati wa mvua. Chukua udongo sehemu kama 10 tofauti za shamba, uchanganye, upeleke maabara ya KALRO au nyingine inayoaminika. Halafu mtafute mzee au shosho aliyelima jirani kwa miaka 30, umuulize swali moja tu: hapa hamlimi nini, na kwa nini?

Akicheka kabla ya kujibu, usikodishe.