Matunda ya Vichakani Nkungu: Mwenyeji na Wageni

Leo tunawaletea historia fupi ya matunda madogo ya vichakani, yale ambayo watoto huyachuma njiani bila kuuliza yametoka wapi. Tunaitazama Nkungu, wilayani Rusizi, Rwanda, kwenye msitu mdogo wa Cyamudongo.

Zamani msitu huu ulikuwa umeungana na Nyungwe. Mashamba yakaukata, ukabaki peke yake katikati ya vilima vinavyolimwa. Nyungwe ilitengwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, wakati wa Wabelgiji. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, na Cyamudongo ni sehemu yake. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Basi matunda ya msituni tumewaachia sokwe, na mtoto wa leo amebakiwa na kingo za mashamba. Huko ndiko wageni walikojaa.

Mwenyeji ni mkeri, Wanyarwanda huuita umukeri. Una miiba, na tunda lake ni chembe nyingi laini zilizoshikana kuwa tunda moja. Likiiva, ukilivuta kidogo tu linatoka.

Mgeni mwema ni intumbaswa. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na katika karne ya 19 ilikuwa tayari ikilimwa Rasi ya Tumaini Jema. Tunda limevikwa ganda jembamba kama karatasi. Ganda likiwa bado kijani, liache. Likikauka na tunda likawa manjano ya dhahabu, sema Bismillahi ule.

Mgeni wa kuogopwa ni lantana, naye katoka Amerika. Wazungu waliisambaza kama ua la bustani (na kweli ua lenyewe linapendeza), kisha ikatorokea vichakani. Nayo ina miiba, na matunda yake meusi husongamana, ndiyo maana watoto huidhania mkeri. Tazameni vizuri: kila punje ya lantana ni tunda mbalimbali, linang'aa kama ushanga, na jani likifikichwa hutoa harufu kali. Matunda mabichi yana sumu, na ng'ombe wakila majani yake huugua, hata kufa.

Msisahau pia mnavu. Majani tunapika mboga, lakini matunda yake ya kijani hayaliwi.

Mtoto akila asichokijua, mpelekeni kituo cha afya mara moja, mkiwa na tawi lenye majani na matunda ili muuguzi alione.