Ukurasa Uliochanwa

Kufuli langu la kwanza la kazi lilikuwa jekundu na lilikuwa na ufunguo mmoja tu. Nilikabidhiwa Tanga mwaka 1989, siku ya tatu tangu niajiriwe kuwa fundi umeme msaidizi katika kiwanda cha saruji. Fundi mkuu aliufumba ufunguo kiganjani mwangu akasema, "Mwanangu, huu usimpe mtu. Hata mimi nikiuomba, ninyime."

Desturi ilikuwa hivi. Kabla ya kuingia ndani ya kinu au kulala chini ya mkanda wa kubebea mawe, kila fundi alikwenda mwenyewe kwenye swichi kuu, akaizima, akatia kufuli lake kwenye kibanio cha chuma chenye matundu sita, kisha akaning'iniza kibao chenye jina lake. Mkiwa watano, makufuli yalikuwa matano. Mashine haikuwaka mpaka wa mwisho ametoka na kufungua la kwake. Hakuna bosi aliyeweza kukufungulia.

Miaka kadhaa baadaye, katika kiwanda kingine, kufuli langu lilikatwa kwa msumeno. Zamu iliyoingia ilidhani nimeshaondoka. Nilikuwa chini ya mkanda bado, nikasikia rola zinaanza kuzunguka juu ya bega langu. Mwenzangu ndiye aliyevuta kamba ya dharura. Kesho yake nilitaka kujua jambo moja tu: nani alitoa ruhusa ya kukata? Nilifungua daftari la zamu. Ukurasa wa usiku ule ulikuwa umechanwa.

Tangu siku hiyo nafuatilia historia ya ruhusa kwenye mitambo kama wengine wanavyofuatilia mpira. Nimejifunza kwamba kutoa ruhusa hakujawahi kuwashinda watu. Kazi imekuwa kuirudisha, na kuweka shahidi kwamba imerudishwa.

Tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha liliungua katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Watu 167 walikufa. Kiini cha msiba ule ni karatasi mbili. Pampu A ilikuwa na kibali cha matengenezo makubwa, ambayo hayakuwa yameanza. Ilikuwa pia na kibali kingine, cha vali yake ya usalama, na vali hiyo ilikuwa imeshang'olewa, mdomo wa bomba ukazibwa kwa bamba la chuma. Usiku pampu B ikagoma. Watu wa zamu walikijua kibali cha kwanza, wakaona kwamba kwa kuwa kazi haijaanza, pampu A inaweza kurudishwa. Cha pili hawakuwa nacho mbele yao. Wakaiwasha, na gesi ikavuja palepale palipozibwa. Uchunguzi wa Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na utaratibu wa vibali vya kazi ulikosolewa vikali. Nikifikiria wale wa zamu, siwezi kuwalaumu. Walisoma karatasi waliyokuwa nayo.

Kompyuta nazo zilipita njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliwezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa zamu za sekunde, na kila mmoja akapewa nywila yake. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, ambaye saa zake nne kwa wiki hazikumtosha, aliiagiza mashine ichape faili lenye nywila za wote. Ikachapa. Funguo zote zilikuwa kwenye droo moja.

Kisha mambo mawili hayo, kompyuta na pampu, yakaoana. Mwaka 2000, huko Maroochy, jimbo la Queensland nchini Australia, vituo vya kusukuma majitaka viliendeshwa kwa redio. Mtu aliyekuwa amefanya kazi kwa mkandarasi wa mfumo huo aliacha kazi, akaomba ajira kwa halmashauri, akakataliwa. Akiwa na kompyuta ndogo na redio ndani ya gari, alituma amri kwa vituo hivyo mara kwa mara, na lita zipatazo 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye mito na bustani. Mfumo ulimsikiliza kama zamani. Mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Ukurasa wangu uliochanwa ulipata jibu, bila mimi kujua, kutoka kwa watu wasiohusika na viwanda hata kidogo. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walionyesha namna ya kuupa waraka alama fupi ya tarakimu, mfano wa dole gumba, ambayo hubadilika kabisa ukigusa hata nukta moja. Kila alama mpya hubeba ndani yake alama iliyotangulia. Kuanzia 1995 kampuni yao ilichapisha alama kila wiki katika gazeti la New York Times. Atakayetaka kughushi angelazimika kukusanya magazeti kutoka kila nyumba na kila maktaba. Waraka wa Bitcoin wa 2008 unaitaja kazi yao. Ndiyo asili ya blokucheni: daftari ambalo kila mshiriki ana nakala yake, na ukichana ukurasa wako, wa wenzako unakusuta.

Sasa viwanda vina pacha. Mwaka 2002 Michael Grieves, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alieleza wazo la umbo la kompyuta linaloishi sambamba na mashine yenyewe na kupokea vipimo vyake. Siku hizi mtengenezaji wa kinu akiwa Ulaya, mkandarasi, mwenye kiwanda na kampuni ya bima huingia katika kinu kimoja cha kidijitali. Mmoja aone joto la beringi tu. Mwingine aguse mipangilio ya mwendo, kwa siku tatu, halafu mlango ufungwe. Daftari la ruhusa hizo likae kwa nani? Likikaa kwa mtengenezaji, mwenye kiwanda hapati usingizi. Wanaotumia blokucheni huandika humo kila ruhusa iliyotolewa na kila iliyofutwa, na programu hulisoma daftari kabla ya kufungua. Michoro na vipimo vyenyewe hubaki nje, alama zake tu ndizo zinazoingia.

Lakini daftari zuri halileti imani peke yake. Maersk na IBM walizindua TradeLens, mfumo wa blokucheni, mwaka 2018, ili wenye meli, bandari na forodha washirikishane nyaraka za mizigo, kila mmoja akiona kinachomhusu. Novemba 2022 walitangaza kuifunga, wakisema ushirikiano wa sekta nzima haukufikiwa. Kwangu mimi sababu iko wazi: mlango ulijengwa na mmoja wa washindani.

Juzi niliitwa kuhudhuria mafunzo ya mfumo kama huu. Mhandisi aliyetufundisha, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliniamkia, nikaitikia, nikamuuliza fundi akifariki ufunguo wake unafutwaje. Akanionyesha: saini mbili kati ya tatu za wasimamizi, na daftari linaandika ni za nani. Nikamuuliza, "Na kama mtu yuko chini ya mkanda, mashine itasubiri wenye nakala wakubaliane?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua kalamu, akachora ubaoni waya mmoja kutoka kwenye kamba ya dharura hadi kwenye swichi kuu. Haukupita kwenye daftari popote.

"Hapa, mzee," akasema, akachora na kufuli.

Nikamwomba anipe ile kalamu, nikaongeza kibanio chenye matundu sita.