Nani shahidi wa moyo wako?

Bunju ya miaka ya 1960 ilikuwa kijiji cha Wazaramo, mbali na mji, si mtaa wa daladala na fremu za maduka kama leo. Hapo ndipo Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alipoishi kati ya 1965 na 1970, akaandika kitabu juu ya mila za wenyeji wake, uganga ukiwemo.

Katika uganga wa pwani, mgonjwa hakuachiwa peke yake kueleza kinachomsibu. Ndugu walikwenda kupiga ramli. Ikionekana ni pepo, ngoma iliwekwa: mwele akafukizwa ubani, akafunikwa shuka, na pepo akishapanda ndiye aliyeulizwa, "Wewe nani? Unataka nini?" Pepo alijitaja, akadai vyake, na wakati mwingine madai hayo mwele asingethubutu kumwambia mumewe. Akizinduka, husema hakumbuki neno.

Wazungu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1879, Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, ambako watu waliofunzwa walijichunguza nafsi na kutaja papo hapo walichohisi. Baadaye maabara zikaanza kupingana, na hapakuwa na wa kuamua, kwa kuwa kila shahidi aliona ya kwake tu. Mwaka 1913 Mmarekani John Watson akataka njia hiyo itupwe, upimwe mwenendo peke yake.

Pigo jingine lilikuja 1977. Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio la wanunuzi waliopangiwa jozi nne za soksi za kike, zote sawasawa. Jozi ya mwisho kulia ilichaguliwa kupita nyingine kwa mbali. Wanunuzi walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali ilipokaa. Anayechambua mitumba Tandika asidhani yeye kasalimika.

Je, tusiwaulize watu kabisa? Wataalamu wa Muhimbili hawakufika huko. Mwaka 2002, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha utafiti uliopima kama orodha ya maswali 25 kutoka Marekani inaweza kutambua sonona kwa wajawazito wanaoishi na VVU. Majibu hayakumezwa hivi hivi. Yalilinganishwa na mahojiano ya kitabibu. Mwaka 2008 likafuata dodoso la maswali 19 lililotungwa hapa hapa nchini.

Historia hiyo inatenganisha mambo mawili. Anayesema "sipati usingizi" au "mawazo yamenizidi" ni shahidi wa kuaminika, maana hakuna mwingine anayeweza kuyasema hayo kwa niaba yake. Akianza kueleza kwa nini, hapo anakisia kama sisi wengine.

Kwa hiyo ukienda hospitali ya Temeke au Mwananyamala, sema unachohisi na kimeanza lini, bila kuficha. Sababu usiikatie shauri mwenyewe. Na ukiweza, nenda na ndugu anayekuona kila siku. Katika hilo wazee wa Uzaramo hawakukosea.