Upasuaji wa kupunguza midomo ya uke: jua historia yake kabla ya kisu



Siku ya singo, tumebaki wawili chumbani, mtoto wa kaka yangu aliniuliza kwa sauti ndogo: "Shangazi, hivi mimi niko sawa huko chini?" Alikuwa ameona kwenye simu tangazo la upasuaji wa kupunguza midomo midogo ya uke, zile nyama mbili laini za ndani, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Nilimjibu kwa historia, na leo nakuleteeni na nyinyi.

Tuanzie Afrika Kusini. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa watu kwa kiingilio kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 1814 akahamishiwa Paris. Wasafiri wa Kizungu walikuwa wameshaandika kwamba wanawake wa kwao wana midomo mirefu ya uke, na wataalamu wa Ulaya walitaka kuiona kwa macho. Mwaka 1815 walipomchora akiwa uchi, Sarah aliificha sehemu hiyo, hawakuiona. Mwisho wa mwaka huohuo akafariki. Mtaalamu wa viumbe Georges Cuvier akaupasua mwili wake, akaandika alichokikuta, na sehemu zake za siri zikahifadhiwa kwenye chupa. Alirudishwa kwao na kuzikwa tarehe 9 Agosti 2002. Alijisitiri akiwa hai, wakamfunua akiwa maiti.

Nyama ileile iliyofanywa kioja Paris ni fahari kwengine. Rwanda kuna desturi ya zamani iitwayo gukuna, ambapo wasichana huvuta midomo hiyo ili irefuke. Kwa Waganda, mwenye kazi ya kumfunza binti ni ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba. Huko, binti aliyekwenda kwa mume bila kuvuta ndiye aliyeona haya. Sisemi mkavute, kwani kuvuta nako huleta michubuko na maumivu. Nasema tu kwamba kila mahali walipima mwili wa mwanamke kwa kipimo chao.

Kipimo cha leo kimetoka hospitali za urembo. Mwaka 1984 madaktari Darryl Hodgkinson na Glen Hait walichapisha katika jarida la wapasuaji la Marekani makala juu ya kupunguza midomo hii kwa ajili ya muonekano. Tangu hapo mbinu zimeongezeka na matangazo yamezidi, na picha chafu za mtandaoni zimewaaminisha wengi kwamba kuna umbo moja tu.

Hakuna umbo moja. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50. Upana wa midomo midogo ulianzia milimita 7 hadi 50. Upande mmoja kuzidi mwengine ni kawaida, na kwa msichana anayebaleghe bado inakua. Ndiyo maana mwaka 2013 chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kilishauri upasuaji huu usifanywe kwa walio chini ya miaka 18.

Je, yupo anayeuhitaji? Yupo. Kuna mwanamke ambaye midomo humchubua akitembea, au humuumiza kwenye tendo la ndoa. Huyo aonane na daktari wa wanawake kwanza, kwani nguo za kubana, sabuni kali au fangasi huweza kuwa ndio chanzo. Ikiamuliwa upasuaji, hufanywa kwa ganzi au nusukaputi, kisha hushonwa. Uvimbe hukaa wiki kadhaa, na tendo la ndoa husubiri kama wiki 6. Hatari zake ni kutoka damu, usaha, mshono kuachia, kovu lenye maumivu na kupungua kwa hisia. Kilichokatwa hakirudi.

Jengine la kutafakari: kwa Shirika la Afya Duniani, kuondoa midomo midogo bila sababu ya kitabibu kumo katika aina ya pili ya ukeketaji. Bibi akikata kwa wembe tunamshitaki. Akikata daktari kwa malipo, tunaita urembo. Nanyi jiulizeni tofauti iko wapi.

Kwa upande wa dini, wanazuoni hutenganisha kuondoa madhara, ambayo ni tiba, na kubadilisha umbo kwa ajili ya uzuri tu, ambalo wengi wao wamelikataza. Mwenye shaka amuulize mwenye elimu, na asione haya.

Mtoto wetu nilimpeleka kwa daktari wa kike. Alimtazama kwa dakika chache tu, akamwambia: "Uko mzima, mwanangu. Nenda kaolewe." Njiani alilia, halafu akacheka. Jioni tukaendelea na singo.