Dau, odi na mkeka: hesabu iliyotoka mbali mpaka Mombasa

Wadau, leo naweka kando mambo ya programu mpya. Nataka tuifungue namba moja ambayo vijana wengi hapa kisiwani huitazama kila wikendi: odi. Kazi yangu ni kuandika programu, na nikiona namba imetokea kwenye skrini situlii mpaka nijue imepikwaje.

Tuanze Mji wa Kale, maana lugha imetutunzia kumbukumbu. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na Waomani wakawatoa 1698. Wareno waliondoka lakini karata zao zikabaki, pamoja na majina yake: kopa, shupaza, uru, pau, turufu. Kamari ni neno la Kiarabu. Na dau? Kwa mtu wa pwani dau ni chombo cha baharini, tena ni pesa unayoweka mchezoni. Vyote viwili huweza kuzama!

Wareno wakiwa bado ngomeni, mwaka 1654, Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa katikati, dau ligawanywe vipi? Wakajibu kwamba kila mmoja apate kulingana na nafasi aliyokuwa nayo ya kushinda. Hesabu ya uwezekano ilipata msingi wake hapo, na odi ni mtoto wake.

Mwaka 1913, katika uwanja wa farasi wa Ellerslie kule Auckland, New Zealand, mhandisi George Julius alifunga mashine ya kujumlisha madau ya watu wengi kwa wakati mmoja. Haikutumia umeme, ila uzani, nyaya na minyororo. Alikuwa ameibuni kwanza kwa ajili ya kuhesabu kura. Sisi wa kompyuta tunapaswa kumheshimu mzee huyu kuliko tunavyofanya.

Kenya ilitunga sheria ya kamari na bahati nasibu 1966, mwaka mmoja baada ya Feisal ya Mombasa kutwaa ubingwa wa ligi ya taifa. Sheria hiyo ya enzi za tikiti za karatasi iliendelea kutumika mpaka ikaja mpya mwaka 2025. Katikati hapo dunia ilibadilika: M-Pesa ilianza 2007, waya wa intaneti wa TEAMS kutoka Fujairah ukafika Mombasa Juni 2009, na SportPesa ikafungua 2014. Duka la kamari likahamia mfukoni.

Sasa hesabu. Chukua mfano wangu: Bandari wako nyumbani Mbaraki. Odi ya Bandari kushinda ni 2.40, sare 3.10, wageni 2.90. Ukiweka shilingi 100 kwa Bandari na wakashinda, unalipwa 240, na ndani yake mna ile 100 yako. Hilo kila mtu analijua.

Wachache hugeuza odi kuwa uwezekano. Gawanya 100 kwa kila odi: unapata 41.7, 32.3 na 34.5. Jumlisha: karibu 108.4. Lakini mechi haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 100! Hiyo 8.4 ya ziada ni ya mwenye duka. Yaani odi ni bei, na bei ina faida ndani yake, kama kilo ya sukari. Kwa kila shilingi 100 zinazowekwa, zinazorudi kwa wachezaji ni kama 92.

Mkeka ndio unaoniudhi. Unganisha mechi tano zenye odi ya 2.40 kila moja. Zidisha: 79.6. Shilingi 100 yaweza kuzaa 7,962, na mtu wa tuktuk ataona ni mshahara. Kumbe ile faida ya duka nayo imezidishwa mara tano. Ikiwa imegawanywa sawa katika kila odi, nafasi yako ni kama moja kati ya 119, na malipo ya haki yangekuwa karibu 11,900. Kwa wastani zinarudi shilingi 67 tu.

Mei 2017 Mkenya mmoja alibashiri mechi zote 17 za jakpoti akapata zaidi ya shilingi milioni 221. Michanganyiko ya matokeo ya mechi 17 ni 129,140,163. Kuijaza yote kwa shilingi 100 kila mkeka kungegharimu shilingi bilioni 12.9. Picha ya mshindi ilienea kila mahali. Mikeka iliyochanika haina picha.

Mwaka 2019 Bandari walinyakua SportPesa Shield, na mashabiki wa Mombasa wakafurahi kwelikweli. Mwaka huohuo serikali ikakataa kuhuisha leseni ya kampuni hiyo kwa mzozo wa kodi, nayo ikaondoa udhamini wake katika michezo nchini. Klabu zikaachwa zikitafuta nauli. Pesa ya udhamini ilikuwa ikitoka kwenye ile 8.4.