Ndege za vita za Mwanza: kupaa ilikuwa rahisi, kasheshe ilikuwa kurudi

Wadau, mnaikumbuka ile ya tarehe 27 Februari 2015? Ndege ya kivita ya JWTZ inaanza kuruka uwanja wa Mwanza, mara ndege mwenye manyoya anaingia kwenye injini. Ndege imemmeza ndege! Ikaanguka palepale uwanjani. Rubani akatoka hai, namshukuru Mungu. Mtaani watu walicheka siku nzima, maana Kiswahili chetu kilitupa utani wa bure.

Ila ukikaa chini na historia ya anga la Kanda ya Ziwa, kicheko kinaisha. Kwenye ndege hizi adui siyo tatizo pekee. Kuna ndege wa ziwani, kuna mafuta yanayokata, na kuna bunduki za nyumbani. Tulia nikupe mkanda mzima.

Tuanze na chuma chenyewe. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, wakubwa wa dunia walianza kushindana kutengeneza ndege za jeti. Warusi wakaja na MiG-21, ikaingia jeshini mwaka 1959. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na Wachina nao wakatoa nakala yao wakaiita J-7. Tanzania tulikuwa na MiG-21. Uganda ya Idi Amin nayo ilikuwa nazo. Yaani majirani wawili, ziwa moja, ndege zilezile.

Sasa shida ya MiG-21 ni hii: inakimbia mara mbili ya mwendo wa sauti, lakini mabawa yake ni madogo, ya pembetatu. Mabawa madogo maana yake huwezi kutua polepole. Basi la Shinyanga kwenda Mwanza likifika 80 kwa saa abiria wanaanza kusali. Rubani wa MiG-21 anagusa lami akiwa kwenye kama 300, halafu anafungua parashuti ya mkiani ili isimame kabla njia haijaisha. Tena haina mafuta ya kuzungukazunguka angani ukisubiri mambo yakae sawa. Ukirudi, umerudi.

Oktoba 1978 Amin akaingia Kagera. Ndege zake zikapiga Bukoba. Wakataka na daraja la Kyaka livunjike ili jeshi letu lisivuke mto. Jeti zikaja, zikatupa mabomu, zikakosa! Wenzangu wa Geita hapa mtapenda: daraja lile lilikuja kuangushwa na fundi wa baruti aliyetolewa mgodi wa shaba wa Kilembe, kule Uganda. Kazi iliyoshinda jeti ilimalizwa na mtu wa mgodini.

Na hapa ndipo penye kuuma. Siku zile za mwanzo wa vita, askari wetu wa kutungua ndege walikuwa roho juu. Kila mlio angani ni Amin. Ndege tatu za kwetu wenyewe zikatokea anga la Musoma. Chini wakaziona, wakajua ni za adui, wakafyatua. Zote tatu zikadunguliwa. Na sisi.

Usimlaumu haraka aliyefyatua. Jiweke pale: Uganda ana MiG, wewe una MiG. Kivuli ni kilekile, mlio ni uleule, na una sekunde chache tu za kuamua. Bila taarifa kufika mapema kwamba wetu wanapita, macho peke yake hayawezi kukuambia nani ni nani. Kilichokosekana pale siyo ushujaa, ni mawasiliano.

Machi 1979 zamu ikawa ya Mwanza. Gaddafi alikuwa anamsaidia Amin, akatuma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 ije kulipua matangi ya mafuta mjini. Ikakosa. Mabomu yakaangukia Saa Nane, kile kisiwa mnachoenda kupigia selfi, wakafa swala na wanyama wengine wa hifadhi. Tarehe 1 Aprili jeti zetu zikajibu: zikapiga Kampala, Jinja na Tororo. Siku sita baadaye, tarehe 7, Entebbe ikaanguka, na MiG-21 za Amin zilizokutwa pale zikawa ngawira. Zikarushwa hadi Mwanza. Hebu fikiria: chuma kilekile ambacho wiki iliyopita ukikiona unafyatua, leo kinakuja kutua nyumbani na unatakiwa ukae kimya.

Nyerere tunamjua. Amin tunamjua, hadi filamu anazo. Lakini marubani wa zile ndege tatu za Musoma, muulize kijana yeyote wa Kahama au Katoro akutajie hata mmoja. Hamna. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunakumbuka waliokufa vitani, na kule Kaboya, Muleba, wamelala wengi wa vita ile. Ila hadithi tunazosimulia ni za waliopigwa na adui. Waliopigwa na wenzao tunawapita kimyakimya, kama vile ni aibu. Mimi naona siyo aibu. Waliruka kulinda ziwa lilelile tunalokula sangara wake.

Kama una babu aliyekuwa jeshini mwaka 1978, iwe ni Maswa, Shinyanga au Sengerema, wikiendi hii zima data, mpelekee sukari kilo mbili, muulize. Usimuulize alimpiga nani. Muulize nani aliondoka naye asubuhi na jioni hakurudi. Andika jina.