Mwembe Unaoozea Ndani: Historia ya Uyoga Unaoua Miti ya Matunda

Kazimia, Fizi – Kwenye pwani ya ziwa Tanganyika, toka Baraka kuteremka mpaka Kazimia, mti wa matunda si chakula tu. Mwembe, mchikichi au mwavoka uliopandwa na babu ni alama ya shamba. Vita ya 1996 ilisukuma jamaa nyingi za Fizi kuvuka ziwa mpaka Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu na nyinginezo. Walipoanza kurudishwa kwa meli hadi Baraka, mwezi wa kumi 2005, miaka tisa ilikuwa imepita. Shamba lililoachwa muda huo wote linageuka pori, na mara nyingi mti mkubwa ndio unaobaki kuonyesha nani alilima wapi.

Ndiyo sababu mwembe ukianguka bila upepo mkali, hasara ni mbili: matunda yamekwisha, na shahidi wa shamba amekufa. Muuaji naye mara nyingi haonekani mpaka siku za mwisho. Ni uyoga, unaokula mbao toka ndani.

Mwembe wenyewe ni mgeni wa zamani. Asili yake ni upande wa Bara Hindi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliwakuta watu wakila wali pamoja na maembe yaliyochachushwa. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipanda miembe njiani toka pwani ya bahari mpaka Ujiji, kisha ikavuka ziwa kwenda Maniema. Chini ya mwembe mmoja wa Ujiji ndipo inaposimuliwa kwamba Stanley alikutana na Livingstone mwaka wa 1871. Mti huo haupo tena. Mahali pake pana mnara wa mawe, na kando yake miembe inayosemekana kuwa ni uzao wa ule wa kwanza.

Kwa muda mrefu watu walifikiri mti unaoza kwanza kwa uzee, kisha uyoga unaota juu ya uozo huo. Katika mwaka wa 1878, Mjerumani Robert Hartig alionyesha kwamba mambo ni kinyume: uyoga ndio unaoanza. Vumbi lake la mbegu linapeperushwa na upepo, linatua penye kidonda cha mti, na humo zinaota nyuzi nyembamba zinazomeng'enya mbao kidogo kidogo. Ule uyoga mgumu, wenye umbo la sikio, unaoonekana shinani ni kama tunda lake tu. Ukitokea nje, nyuzi zimekwisha kufanya kazi ndani, pengine kwa miaka mingi. Kuuvunja uyoga huo na kuutupa hakuuponyi mti.

Njia nyingine ya adui ni chini ya udongo. Katika miaka ya 1930, mtafiti R. Leach alichunguza vifo vya michai huko Nyasaland, nchi inayoitwa leo Malawi. Aliona kwamba uyoga wa aina ya Armilaria unakaa kwenye visiki na mizizi ya miti ya pori iliyokatwa, unanona humo, kisha unahamia mizizi ya mimea mipya. Dawa yake haikuhitaji pesa: kabla ya kuangusha mti wa pori, gome libanduliwe kuzunguka shina lote, mti uachwe ukauke wenyewe. Hapo mizizi inamaliza akiba yake ya chakula, na Armilaria haipati cha kula. Kwa anayerudi kufungua shamba lililogeuka pori, funzo hilo lina uzito. Visiki vibichi vikiachwa ardhini, miche ya matunda inayopandwa kando yake inaweza kufa bila mwenye shamba kujua sababu.

Funzo la tatu lilitoka Marekani. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mota ili aone ndani. Katika mwaka wa 1977 alieleza kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu. Unajenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoumia, kisha unaendelea kukua nje yake. Kila panga jipya na kila moto unaounguza gome ni mlango mwingine, na ukuta mwingine wa kujenga. Shigo aliona pia kwamba kupaka kidonda rangi hakuzuii kuoza.

Kutokana na hayo, tawi linakatwa mbele kidogo ya uvimbe ulio pale linapoungana na shina. Likikatwa kwa kuparua shina, ule ukuta unavunjwa. Likiachwa kipande kirefu, kipande hicho kinaoza na kuupeleka ugonjwa ndani.

Jambo hili linagusa pia wahami na wenyeji wanaowapokea. Anayekimbia anahitaji kuni siku ileile anapofika, na mti ulio karibu ni mwembe wa mwenyeji. Akichuma matawi makavu, mti unabaki. Akichanja shina au kuwasha moto kwenye mizizi, mti unaweza kusimama miaka mingi ukiwa na majani mabichi, huku moyo wake unaliwa. Siku utakapoanguka, yule mhami labda amekwisha kurudi kwao, na hakuna atakayekumbuka kidonda kilianzia wapi.

Mti mzee uliokwisha kutoa uyoga shinani hauna budi kutazamwa kama mgonjwa: nyumba na watoto wasikae chini yake. Mche wa mbegu yake upandwe mapema, mbali kidogo na mizizi yake, wakati wazee wanaojua mpaka wa shamba wangali hai.